Safu ya Kushoto: Maisha ya Mama Betri, Mwalimu wa Kemia, 1964 hadi 2023

Ndugu wafiwa, shemeji yetu pamoja na watoto, majirani wa mtaa huu, walimu mliofundisha na marehemu, wanafunzi wake wa zamani mliokosa viti mkasimama mpaka nje ya uzio, na viongozi wa ofisi ya elimu mlioketi hapa mbele, poleni sana na asanteni kwa kufika. Historia hii imeandikwa na mdogo wake marehemu, ndiye huyu aliyesimama na karatasi mkononi, naye atajitaja humu kama mdogo wake tu, kama ilivyo kawaida ya maandishi ya namna hii, na pia kwa sababu akisema "mimi" sauti inaweza kumkwama kabla hajafika anakotaka kufika. Mnaombwa mvumilie, maana ni ndefu kuliko ile iliyochapwa kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, na kuna jambo limo humu ambalo kule halimo.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Mei 1964, saa tatu asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshonaji wa nguo, na mdogo wake akamfuata tarehe 20 Agosti 1967 katika wodi hiyo hiyo, na kwa maelezo ya mama yao, katika kitanda hicho hicho, kwa hiyo hata kitanda cha kuzaliwa alikikuta kimeshatumika. Hawakuzaliwa wengine. Walilelewa katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta, cherehani ikilia sebuleni tangu asubuhi, na marehemu akiwa na miaka saba alitumbukiza sarafu ya shaba katika kikombe cha siki, ikaota kijani, baba akaita majirani waje waone akili ya mwanawe. Mdogo wake alipofika umri huo alitumbukiza kalamu ya wino ya baba katika siki, akitegemea sifa zile zile, akala kofi. Tukio hilo si kubwa, lakini mtu anayetaka kueleza habari za marehemu na mdogo wake kwa haki hawezi kuliruka.

Kwa upande wa elimu, marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1971 hadi Novemba 1977, akaendelea na sekondari mwaka 1978 hadi 1983, kisha chuo kikuu mwaka 1984 hadi 1987, ambako alichukua shahada ya ualimu katika kemia, na katika hatua zote hizo hakuwahi kurudia darasa wala kuitiwa mzazi. Mdogo wake alipoingia sekondari hiyo hiyo mwaka 1981, mwalimu wa kemia alisoma jina la ukoo kwenye daftari la mahudhurio, akamwuliza kama ni mdogo wake fulani, aliposema ndiyo mwalimu akasema basi hapa hatuna shida, na kuanzia siku hiyo kila alichopata kilipimwa kwa kile ambacho dada alishapata. Katika mtihani wa mwisho wa kemia dada alikuwa ameondoka na tisini na moja, mdogo wake akapata themanini na nne, alama ya pili kwa ukubwa tangu shule ianzishwe, na mnajua ya kwanza ilikuwa ya nani. Baba alitundika cheti cha dada ukutani juu ya redio, na cha mdogo wake, kwa kuwa plasta ya ukuta ule ilikuwa inabomoka na haikuweza kubeba msumari wa pili, akakiweka kwenye droo ya kabati, pamoja na risiti na mishumaa. Baba alikuwa mtu mwema na plasta kweli ilikuwa inabomoka, lakini mdogo wake alikuwa na miaka kumi na tisa, na donge lililomkaa siku ile halijamtoka hadi leo.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 1 Februari 1988 kufundisha kemia katika sekondari ambayo wengi wenu mmesoma, akafundisha hapo hapo miaka thelathini na minne, katika maabara ile ile yenye meza sita ndefu, sinki lililomeguka ukingoni, na harufu ya amonia isiyotoka hata madirisha yakiachwa wazi likizo nzima. Jina la Mama Betri alipewa na wanafunzi wa mwaka wake wa pili, kwa sababu ya betri za tochi zilizokwisha alizobeba mkobani, akizipasua mbele yao kwa koleo ili waone kwamba umeme hautoki katika uchawi, unatoka katika zinki inayoliwa taratibu. Mdogo wake naye akawa mwalimu wa kemia, si kwa kuwa aliipenda kuliko masomo mengine, bali kwa kuwa hakutaka ibaki mali ya mtu mmoja katika ukoo. Mwaka 1995 aliomba uhamisho akataja shule tatu, hakuna hata moja iliyokuwa ya dada yake, na tarehe 8 Januari 1996 akapangiwa ya dada yake, wakamwekea meza mgongo kwa mgongo na ya dada katika chumba cha walimu. Wanafunzi walimwita "mdogo wake Mama Betri", baadaye wakafupisha wakawa wanamwita Mdogo, kwa hiyo mtu mzima mwenye masharubu na mke na mtoto wa kwanza akawa anaitwa Mdogo ukumbini, kwa heshima kabisa, na anaitika.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, na shemeji yetu huyu, fundi betri za magari, aliyejuana naye Agosti 1990 pale marehemu alipokwenda gereji kuomba mabamba ya risasi kutoka kwenye betri mbovu ili wanafunzi wayashike kwa mikono yao. Shemeji alimwuliza ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri ni kitu gani, marehemu akamweleza kwa saa nzima akiwa amesimama juani, na shemeji amekiri mara nyingi kwamba alielewa robo tu, robo tatu zilizobaki alikuwa anamtazama. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1993 ambaye ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1997 ambaye amerithi gereji ya baba yake pamoja na suruali zenye matundu ya asidi, na marehemu ameacha mjukuu mmoja. Mdogo wake naye alioa, kwa raha zake, lakini mkewe alizoea kusema tumwulize kwanza wifi, iwe ni habari ya shule ya watoto au rangi ya mapazia, na mume akaenda kuuliza, uso kama wa aliyemeza punje ya pilipili.

Sasa turudi kazini, kwa sababu jambo lililosemwa mwanzoni kwamba limo humu lilitokea kazini.

Wengi mnamjua marehemu kwa jinsi alivyofundisha, lakini wachache mlimwona akiandaa somo, na mdogo wake alimwona kila siku kwa miaka mingi, mgongo kwa mgongo, akisikia kalamu. Marehemu alitumia daftari kubwa la jalada gumu, akagawa kila ukurasa kwa rula katika safu mbili, na kwa somo moja la dakika themanini juu ya kemia ya umeme aliweza kutumia wiki tatu, Jumamosi anajifungia maabara, anapima vipande vya zinki na shaba katika myeyusho wake, anaunganisha glasi mbili kwa karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa chumvi, na voltimita ikisoma moja nukta sifuri nane badala ya moja nukta moja anabaki pale mpaka ajue ile kidogo iliyopungua imekwenda wapi. Walimu wengine, mdogo wake akiwamo, waliandaa somo hilo kwa nusu saa wakinywa chai, kushoto maelezo, kulia vitendo, kama fomu inavyodai, na mdogo wake aliamini kwamba daftari la dada ni hivyo hivyo, ila limeandikwa kwa bidii ya kujionyesha. Hakujua kwamba safu ya kushoto katika daftari lile haikuwa ya maelezo. Kushoto marehemu aliandika makosa ambayo wanafunzi watayafanya, yaani kile watakachosema kabla hawajaelewa, na kulia akaandika atawafanyia nini watakaposema hivyo.

Makosa hayo aliyakusanya kama watu wanavyokusanya stempu, kutoka kwenye karatasi za mitihani, ukumbini, kwa muuza duka, hata kwa mumewe. Kushoto aliandika kwamba elektroni huogelea majini kutoka bamba moja hadi jingine, na kulia kwamba atawapanga wanafunzi washike kamba kuzunguka meza, kamba ndiyo waya, na atakayepita majini arudi mwanzo. Kushoto aliandika kwamba asidi kali ni ile iliyo nzito chupani, na kulia kwamba atapanga siki isiyochanganywa maji kando ya asidi ya maabara iliyozimuliwa sana, na kila moja ipewe kipande cha magnesiamu, waone ipi inachemka zaidi. Aliandika makosa kwa kuyaheshimu, kwa hesabu zake zote na mantiki yake yote, mpaka yakaonekana yana akili kuliko ukweli. Mpaka mwaka 2003 kichwa cha safu alikuwa amekiandika mara moja tu, ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, mwaka 1988, baada ya hapo yeye alijua na ilimtosha.

Mwezi Aprili 2003 mkuu wa idara ya sayansi alistaafu, mkuu wa shule akaomba mkaguzi aje awaangalie walimu wawili wa kemia wakifundisha, kisha apendekeze nani ashike nafasi, na mkaguzi akapanga Jumatano, tarehe 11 Juni, asubuhi mdogo wake na asidi na besi, mchana marehemu na betri. Shule nzima ilijua nafasi ni ya nani. Mdogo wake alijua kuliko wote, na kwa wiki mbili hakupata usingizi mzuri, na akimwona dada anacheka na mpishi wa shule anadhani wanamcheka yeye. Jumanne tarehe 10, saa nane mchana, marehemu alikwenda stoo kuhesabu vipande vya zinki, akaacha daftari wazi mezani, na mdogo wake akageuza kiti.

Alitaka kuona tu, ndivyo alivyojiambia. Lakini ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa ni wa asidi na besi, na upande wa kushoto kulikuwa na ngazi nzuri ya namba, asidi iliyozimuliwa mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, na kila hatua kipimo cha pH kinapanda kwa moja: tatu, nne, tano, sita, saba, nane, safi kama ngazi ya nyumba mpya, na andalio lake mwenyewe likaonekana mbele yake kama kitambaa cha jikoni. Alinakili safu yote ya kushoto kwa dakika kumi na mbili, akageuza kiti, na dada aliporudi akamsalimia bila kuinua macho.

Kwa wale ambao kemia iliwapita kando, maelezo ni mafupi. Saba ni maji yenyewe, chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni besi, kwa hiyo ngazi ile ni ya kweli mpaka karibu na sita, na baada ya hapo ni uongo mtupu, kwa sababu ndimu hata ukiitia maji pipa zima haigeuki kuwa sabuni, inachoweza ni kukaribia kuwa maji. Mwalimu wa kemia analijua hilo. Mdogo wake alilijua, alilifundisha miaka kumi na tatu, lakini asubuhi ile hakufikiri, alikuwa anasoma akili ya dada yake ubaoni kwa sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani alijisikia kuwa yeye ndiye.

Mkaguzi alikaa nyuma na daftari lake, na marehemu kando yake, kwa kuwa utaratibu ulitaka mwalimu wa pili wa somo awepo. Mdogo wake alipanda ngazi ile mpaka nane, akapigia mstari, akageuka, na msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama basi asidi ukiiongeza maji mengi inakuwa besi. Chaki ilikuwa mkononi. Mdogo wake alitazama ubao, akaiona nane, akaona saba iliyo chini yake, na akajua palepale kwamba amefundisha upuuzi mbele ya mkaguzi, tena upuuzi wa kuiba, na mwenye mali ameketi mita nane kutoka hapo anaitambua ngazi yake.

Marehemu alisimama. Mdogo wake, na hili analisema mbele ya watu wote, alidhani anasimama kummaliza, kwa sababu yeye angekuwa pale nyuma ndivyo angefanya. Marehemu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Hapo ndipo Mwalimu alipotaka mfike. Amewawekea kosa ubaoni makusudi, sasa nani atamwonyesha limeanzia wapi?" Darasa likachangamka, dakika ishirini nzima watoto walishuka na kupanda ngazi ile, wakabishana, mmoja akataka kuifuta yote, na msichana wa dawati la mbele ndiye aliyelipata, akasema tumehesabu asidi tukayasahau maji, na maji nayo yana asidi yake kidogo. Marehemu alikuwa ameshaketi zamani. Mkaguzi aliandika mpaka akageuza ukurasa.

Baada ya kipindi, ukumbini, marehemu alimpangusa mdogo wake vumbi la chaki begani na kumwambia, "Safu ya kushoto ni ya watoto, mdogo wangu, si yetu." Hakusema jingine, siku ile wala siku nyingine yoyote katika miaka kumi na tisa na ushei iliyofuata. Mdogo wake angependelea kofi la baba.

Taarifa ya mkaguzi ilisema kwamba mwalimu wa asubuhi ana mbinu ya pekee ya kuanza na kosa, iliyofaa kuigwa, na kwamba mwalimu wa mchana ni mzoefu na makini, na tarehe 14 Julai 2003 mdogo wake akapewa barua ya kuwa mkuu wa idara. Angeweza kusema. Aliifungua barua ile mezani, mgongo kwa mgongo na dada, akasikia kalamu ya dada inaendelea kuandika, akaikunja, akasema asante. Mwaka 2007 alihamishiwa ofisi ya elimu kuwafundisha walimu mbinu hiyo, na mwaka 2008 kikatoka kijitabu kiitwacho Kuanza na Kosa, chenye jina lake juu ya jalada, ambacho wengi wenu walimu mnacho kabatini, na ambacho ndani yake mna makosa arobaini ya wanafunzi katika asidi, besi na kemia ya umeme. Yote arobaini ni ya marehemu. Mkuu wa idara ana wajibu wa kukagua na kusaini maandalio ya walimu wake kila Ijumaa, kwa hiyo kwa miaka minne daftari la dada lililetwa mezani kwake kwa utaratibu wa kazi, naye akasaini upande wa chini, na akanakili upande wa kushoto.

Mtu angedhani kwamba aliyepata cheo, jina na kijitabu angepoa roho. Haikuwa hivyo, kijicho kilimzidi. Marehemu alihudhuria semina yake mwezi Machi 2009, akaketi safu ya pili, akaandika kila alichosema kama mgeni wa mambo, na alipouliza swali, swali la kweli la mtu anayetaka kujua, mdogo wake alimjibu kwa ukali mpaka ukumbi ukainama. Wanafunzi wa zamani walipita ofisini kwake wakielekea kwa dada. Alikuwa na kila kitu cha dada yake, isipokuwa ile hali ya kutotaka kitu cha mtu, na hiyo ndiyo aliyoionea wivu mpaka ikamnyima ladha ya mengine yote.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na tatizo la figo tarehe 17 Agosti 2020, akaendelea kufundisha mpaka tarehe 30 Juni 2022 alipostaafu kwa sababu ya afya, na tangu hapo akawa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Daktari alipomweleza kwamba damu yake imeelekea upande wa asidi, alimwuliza ni ngapi, akaambiwa saba nukta mbili, akacheka akaomba kalamu, kwa kuwa saba nukta mbili katika kitabu cha shule ni besi, ila kwa damu ya binadamu ni asidi ya hatari, na hilo alisema ni kosa zuri sana ambalo hakuwahi kuliandika. Wodini wageni walipanga foleni. Mdogo wake alisubiri ukumbini zaidi ya saa moja, nyuma ya mwashi, nyuma ya rubani, nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, wote wanafunzi wa Mama Betri, na alimwonea wivu hata huo ugonjwa, akajiuliza siku akilazwa yeye nani atakuja zaidi ya mkewe.

Jumapili, tarehe 22 Januari 2023, mdogo wake akiwa pembeni ya kitanda, marehemu alimwambia binti yake, "Historia yangu ataisoma mjomba wako. Yeye anajua kuandika." Mdogo wake alilichukua neno lile nyumbani, akaligeuza na kuligeuza akitafuta sindano iliyofichwa ndani yake, na hakuiona. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Historia ya kwanza aliyoandika mdogo wake ndiyo hiyo mliyopewa mlangoni, ambamo mwaka 2003 umepewa nusu mstari, kwamba marehemu "alishirikiana na mdogo wake katika kukuza mbinu za ufundishaji". Ilikwenda kuchapwa jana asubuhi. Jana adhuhuri alimwomba shemeji madaftari ya marehemu ili ahakikishe tarehe, shemeji akaleta maboksi mawili, madaftari thelathini na moja, akayaweka sebuleni, akamwacha nayo. Mdogo wake aliutafuta ukurasa wa tarehe 10 Juni 2003, akaiona ngazi yake, na juu ya safu ya kushoto hapana kichwa, kama ambavyo hapana kichwa katika kurasa zote za nyuma yake, isipokuwa ule wa kwanza wa mwaka 1988. Akafunua ukurasa unaofuata, wa Alhamisi tarehe 12 Juni. Juu ya safu ya kushoto, kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa, marehemu ameandika "Haya ni makosa yao", na chini yake amepiga mistari miwili.

Kichwa hicho kipo katika kila ukurasa kuanzia siku ile mpaka andalio lake la mwisho. Mdogo wake alikiona kila Ijumaa kwa miaka minne aliyokuwa akisaini na kunakili, akadhani ndivyo dada alivyoandika tangu zamani. Marehemu mwenyewe hakukihitaji kichwa kile, alishaishi bila hicho miaka kumi na tano. Alikiandika kwa ajili ya mtu ambaye dada alijua kwamba atarudi kuchungulia, ili akinakili tena asiaibike tena. Mdogo wake aliketi sakafuni kati ya maboksi, akalia, na katikati ya kulia, Mungu amsamehe, akamwonea wivu.

Kwa hiyo, mbele ya mwili wa marehemu, mdogo wake anasema kwamba somo la tarehe 11 Juni 2003 lilikuwa la wizi, kwamba kosa la ubaoni halikuwa la makusudi, kwamba nafasi ile ilikuwa ya marehemu, na kwamba kijitabu Kuanza na Kosa ni kazi ya marehemu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Barua yenye maneno hayo na sahihi yake amempa mkuu wa ofisi ya elimu leo saa mbili asubuhi, na ndiyo maana mkuu ameketi hapo na bahasha magotini na hajamtazama usoni tangu tuanze, naye yuko sahihi. Toleo la tatu la kijitabu, linaloandaliwa sasa, lisitoke na jina la mdogo wake. Kitakachompata mdogo wake kazini kitampata, na hamwombi mtu yeyote hapa amwombee msamaha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomtibu marehemu kwa uvumilivu na wakavumilia pia kufundishwa naye, majirani mliomfulia, mliomsindikiza kwenye mashine wakati gari la shemeji lilipokuwa bovu, na mliokaa nasi siku hizi mbili, na walimu wenzake wote wa sekondari, ambao wengi wenu, kwa jinsi nyuso zenu zinavyoonyesha sasa, mlijua na mkanyamaza kwa sababu yeye alinyamaza. Tunamshukuru kwa namna ya pekee yule msichana wa dawati la mbele, ambaye mdogo wake hakulishika jina lake, marehemu alilishika, na kama yupo hapa tunamwomba aje mbele atupe mkono.

Pumzika, dada, kwa amani ile ile uliyokuwa nayo siku zote, ambayo mdogo wako aliionea wivu kuliko vyeti, kuliko cheo, kuliko vyote, na ambayo ndiyo pekee hakuweza kuinakili.